Alama 4 kati ya 15: maktaba nilivyoijua kwa kuchelewa

Karatasi yangu ilirudi na namba moja kwa kalamu nyekundu, 4, na chini yake mstari mmoja: "Njoo ofisini na vitabu ulivyovitaja." Nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Kazi ile ilibeba alama 15 kati ya zile 40 za koziweki, yaani kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho. Na vitabu nilivyovitaja sikuwa nacho hata kimoja, kwa sababu sikuwahi kukiona hata kimoja.

Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaoripoti chuoni, hasa waliotoka shule kama yangu, ambako maktaba ilikuwa chumba chenye kufuli na ufunguo alikuwa nao makamu mkuu wa shule. Hakuna aliyetufundisha kutafuta. Tulifundishwa kukariri, na tulikariri vizuri, ndiyo maana tulifaulu. Chuoni mambo yanageuka ghafla na hakuna anayekwambia kwamba yamegeuka.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi: kurasa tano kuhusu zao lolote la biashara la Tanzania, marejeo yasipungue matano, muda wiki tatu. Nikachagua mkonge. Kwetu ni Korogwe. Babu mzaa mama alifika Tanga kama manamba, akakata mkonge miaka mingi, na kadi zake za kipande, zile za kuwekea alama siku alizofanya kazi, bibi alizihifadhi kwenye kopo la biskuti mpaka alipofariki. Nikajiona nimeshalijua jambo hili kabla ya kuanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kichwa cha habari: "Historia ya Zao la Mkonge Tanzania tangu Ukoloni hadi Leo". Miaka mia moja na zaidi ndani ya kurasa tano! Wakati ule sikuona tatizo. Niliona kichwa kipana kitanisaidia kujaza kurasa, na kweli zilijaa. Zilijaa maneno ambayo kila mtu anayajua.

Wiki mbili za mwanzo sikufanya kitu. Zikiwa zimebaki siku nne nikanunua bando la shilingi 5,000, nikaandika "historia ya mkonge" kwenye simu, nikanakili kilichotokea juu. Kwenye kundi la darasa mtu akarusha desa la waliotutangulia, yaani kazi ya zamani ya kunakilia, lina aya nzuri na orodha ndefu ya marejeo mwishoni. Nikachukua aya tatu, nikazibadilisha maneno machache, na ile orodha nikaihamisha kama ilivyo, nikichagua yale majina yaliyonivutia kwa ugeni wake. Sikuwa na kompyuta, kwa hiyo nikalipa shilingi 6,000 steshenari kuchapiwa. Jumla 11,000, ambazo kwangu zilikuwa chakula cha siku tatu. Nilipokabidhi nilikuwa na amani kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka: sikujua kwamba nimefanya jambo baya.

Ofisini kwa mhadhiri nilikwenda mikono mitupu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaa. Vitabu viko wapi?"

Sikujibu. Akaifungua karatasi yangu ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye sentensi iliyosema kwamba mwaka 1964 nchi ilizalisha tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa sentensi nilikuwa nimeandika jina la Guillebaud na mwaka 1958.

"Hebu niambie," akasema taratibu, "mwandishi wa mwaka 1958 aliyajuaje mavuno ya mwaka 1964?"

Nilitazama ule mwaka mpaka tarakimu zikaanza kucheza. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuuona. Aliyetengeneza desa alikosea, au aliyemtangulia alikosea, na mimi nikalibeba kosa lake nikalitia sahihi yangu. Dokta alikuwa anakijua kitabu chenyewe. Akanieleza kwamba Guillebaud alikuwa mwanauchumi aliyechunguza mkonge wa Tanganyika, kitabu chake kilitoka 1958, kisha kikatolewa tena kikiwa kimeongezwa mambo, na kuna toleo la 1966. "Huyu wa 1958 umemsingizia," akasema.

Hakunifokea. Angefoka ingekuwa afadhali. Aliniambia kwamba ukiandika jina la kitabu kwenye marejeo unamwambia msomaji, mimi nimekisoma, nenda nawe utayakuta niliyosema. Akanipa wiki mbili niandike upya, kwa sharti kwamba hata nikifanya vizuri namna gani sitavuka alama 10. Sharti la pili: nisiandike sentensi hata moja kabla sijaonana na mkutubi.

Nilitoka pale nikaingia chooni nikalia. Niliogopa kuonekana mwizi. Niliogopa pia kwamba labda chuo si mahali pangu. Nayasema haya kwa sababu najua wapo wanaolia hivyohivyo kila mwaka wakidhani wako peke yao.

Maktaba ya chuo nilikuwa nimeshaingia mara tatu hivi, kuchaji simu na kukaa kwenye baridi ya kiyoyozi. Ile meza ya mbele nilidhani ni ya kukagua mabegi na kugonga mihuri. Mama aliyekuwa pale, ndiye mkutubi, alikuwa na miwani ya kamba shingoni na daftari dogo. Nikamwambia nataka vitabu vya mkonge.

"Unataka kujua nini hasa, mwanangu?"

"Historia ya mkonge."

"Hiyo ni rafu nzima. Wewe unataka kujua nini?"

Sikuwa na jibu. Akanivutia kiti. Nikajikuta namsimulia habari za babu, na kwamba nyumbani wazee husema mkonge ulikufa serikali ilipotaifisha mashamba baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ulianza kufa lini? Kabla ya kuchukuliwa au baada?" Akaliandika kwenye kikaratasi, akanipa. Nilisimama na kikaratasi kile mkononi nikahisi mzigo umepungua, maana sasa nilikuwa na swali ambalo kitabu kinaweza kulijibu: mkonge wa Tanzania ulianza kuporomoka kabla ya utaifishaji wa 1967, au baada yake?

Kama utachukua jambo moja katika maandishi haya, chukua hili. Kurasa tano zinataka swali dogo. Ukiwa na swali dogo unajua kitabu gani ukiache, na mwaka wa kwanza anahitaji kujua vya kuacha kuliko vya kuchukua. Ukikwama kulipata, nenda kwa mkutubi hata kama huna cha kumwambia zaidi ya jina la somo. Ni kazi yake, ameisomea, na wengi wao hukaa siku nzima wakiulizwa choo kiko wapi.

Tukaenda kwenye kompyuta ya katalogi, ile orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Nikaandika "mkonge", vikaja vitabu viwili. "Katani", kimoja. Mama akafuta, akaandika "sisal", skrini ikajaa. Hili linaudhi lakini ndivyo lilivyo: vitabu vingi katika maktaba zetu vimeandikwa kwa Kiingereza na vimeorodheshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa lugha zote mbili. Kisha akanionyesha jambo ambalo nisingelifikiria kamwe. Nilikuwa naongeza neno Tanzania kila ninapotafuta. "Tanzania imepata jina hili mwaka 1964," akasema. "Vitabu vya kabla ya hapo vitalijuaje?" Tukaandika Tanganyika, likatokea kundi jingine kabisa. Kwa mambo ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia ilibidi tuandike Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani pia. Anayeandika kuhusu Kongo atakutana na hayohayo kwenye vitabu vya miaka ilipoitwa Zaire. Hata majarida hubadili majina: lile la Tanganyika Notes and Records lililoanza 1936 baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records, na usipojua utadhani ni mawili.

Halafu rafu. Maktaba yetu inatumia namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa somo. Vyuo vingine vinatumia mfumo wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako historia ya Afrika inaanzia DT. Mfumo wowote ule, somo lako haliko mahali pamoja. Mkonge kama mmea uko kwenye 633, pamoja na mazao mengine ya shambani. Mkonge kama uchumi uko 338. Mkonge ndani ya historia ya nchi uko 967.8. Rafu tatu, ghorofa mbili, na mwanafunzi anayeishia kwenye ya kwanza ataandika kana kwamba nyingine hazipo. Nakili namba yote kama ilivyo, pamoja na herufi za chini, kwa sababu nilizunguka nusu saa nikitafuta kitabu kimoja baada ya kuacha herufi tatu nikidhani ni pambo. Na ukikipata, tazama majirani zake kushoto na kulia. Kitabu kilichonisaidia kuliko vyote kwenye 338 sikukitafuta. Kilikuwa kimekaa pembeni ya kile nilichokifuata.

Niliogopa unene wa vitabu. Historia ya Tanganyika ya John Iliffe, ya mwaka 1979, ina zaidi ya kurasa 600, na mimi nilikuwa na wiki mbili. Mama akaigeuza, akafungua nyuma kwenye faharasa, akashusha kidole mpaka neno "sisal", namba za kurasa zimepangwa pembeni. Sikusoma hata kurasa 20 za kitabu kile. Katika miaka yote ya shule hakuna aliyenifungulia kitabu kwa nyuma.

Kwenye vitabu vingine nilipata pia hadithi iliyonifurahisha: kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62 tu. Mashamba yote yale ya Tanga yalianzia hapo. Niliipenda sana, nikaiandika ukurasa mzima, kisha nikaukata wote. Haikujibu swali langu. Iliniuma, lakini nilifanya sawa.

Makala za majarida ziliniletea shida ya aina nyingine. Kwenye simu nilikuta makala niliyoitaka hasa, nikabonyeza, wakataka karibu dola 40. Nilishaanza kuandika ujumbe kwa mjomba kuomba hela. Tafadhali usilipe, na usimsumbue mjomba, kabla ya kuuliza maktabani. Vyuo vingi vya kwetu vimejiandikisha Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo sana. Nenosiri anakuwa nalo mkutubi. JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, ukijiandikisha mwenyewe kwa barua pepe unasoma hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni bila malipo. African Journals Online, iliyoanza 1998, ina majarida ya Afrika na mengi yako wazi. Ile makala ya dola 40 niliisoma siku hiyohiyo kwa Wi-Fi ya maktaba.

Kwenye majarida hayo ndiko nilikokuta wataalamu wa udongo wakieleza jinsi ardhi ya mashamba ya mkonge ya Tanga ilivyochoka kwa kulimwa zao lilelile miaka na miaka. Hilo halikuwamo kwenye vitabu vya historia nilivyokuwa navyo, wala wazee wa nyumbani hawakulisema. Babu alikuwa akilalamika kwamba majani yamekuwa mafupi. Tulidhani ni manung'uniko ya uzee.

Jumamosi moja nikapanda daladala kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wachapishaji nchini wanatakiwa kisheria kupeleka nakala huko, kwa hiyo usikate tamaa chuo chenu kikikosa kitu. Nilitaka ripoti za zamani za kilimo. Nililetewa juzuu ambalo jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ndani, jedwali: miaka upande wa kushoto, tani katikati, thamani upande wa kulia. Niliweka rula chini ya mstari wa 1964 nikashuka nayo taratibu, mwaka hadi mwaka, nikatazama ile safu ya thamani. Bei ilikuwa imeshaanza kuanguka. Miaka mitatu kabla ya utaifishaji, pesa ya mkonge ilikuwa imeanza kukimbia, na vitabu vya 338 vikanieleza kwa nini: kamba za plastiki zilikuwa zinaingia sokoni.

Nilitamani babu angekuwepo nimwonyeshe ule mstari.

Furaha ile ikanifanya nisahau kuandika namba ya ukurasa. Niliandika takwimu vizuri, nikaifunga ripoti, nikarudi hosteli. Usiku nikaanza kuandika, nikafika kwenye marejeo, sina ukurasa. Ikabidi nirudi Jumatatu, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 1,200, na kipindi kimoja kikanipita. Tangu siku hiyo daftari langu lina utaratibu mmoja: kabla sijaandika neno lolote kutoka kwenye kitabu, naandika kwanza mwandishi, jina, mwaka, toleo, namba ya rafu. Ukurasa unakaa pembeni mwa kila nukta. Maneno ya mwandishi nayafunga kwenye alama za nukuu hata kama ni matatu, na mawazo yangu nayaandika upande wa pili wa karatasi. Wengi wanaokamatwa kwa wizi wa kitaaluma hawakukusudia kuiba; walichanganya kwenye daftari, wiki mbili baadaye hawakujua tena lipi ni lao.

Na kuna orodha za marejeo za vitabu vizuri. Zitumie, zinakuongoza kwa waliotangulia kuliko njia nyingine yoyote. Lakini zitumie kama ramani: jina ulilolikuta huko liende kwenye katalogi, likupeleke kwenye rafu, ulishike. Kama hukukipata kitabu, sema wazi umekisoma kupitia kwa nani. Hakuna mhadhiri anayekata alama kwa hilo. Guillebaud mwenyewe nilimpata hatimaye, toleo la 1966, kwenye sehemu ya vitabu visivyoazimwa, nikamsoma palepale mpaka kengele ya kufunga.

Siku hizi wadogo zangu wananiuliza kuhusu programu za akili unde. Nimezijaribu. Zinasaidia kukueleza dhana usiyoielewa na kukupa maneno ya kutafutia. Lakini nilipoomba orodha ya vitabu kuhusu mkonge, nililetewa majina yaliyopangwa vizuri sana, na mengine hayakuwepo kwenye katalogi yoyote niliyoifungua. Kwangu hilo ni lile desa limerudi kwa sura nyingine. Jina ambalo hujalikuta kwenye katalogi lisiingie kwenye karatasi yako.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki kunisumbua. Mavuno ya 1964 vyanzo vingine viliyataja kuwa tani 230,000, vingine 234,000. Zamani ningechagua moja nikaendelea. Safari hii nilikaa nalo usiku mzima. Nikakumbuka kwamba vitabu vilivyofuata vipimo vya Waingereza vilitumia tani yao, ratili 2,240, ambayo ni kama kilo 1,016. Nikazidisha 230,000 kwa 1.016 kwa kikokotoo cha simu. Ikatoka 233,680. Nikahesabu tena. Huenda ni mzigo uleule, umepimwa kwa tani mbili tofauti. Niliandika aya moja fupi kuhusu hilo, nikatumia neno "huenda", nikaweka kurasa nilikotoa kila namba.

Karatasi ya pili ilikuwa na kurasa tano na marejeo saba, yote nimeyashika. Nilisema kwamba mkonge ulianza kuugua kabla ya 1967, kwa bei na kwa udongo, na kwamba utaifishaji uliukuta tayari mgonjwa, ingawa sikuutoa kabisa kwenye lawama. Nilipata 9 kati ya zile 10.

Pembeni ya aya ya tani Dokta alikuwa ameandika, kwa kalamu nyekundu ileile: "Una hakika wa 230,000 wanatumia tani ya Kiingereza? Wamesema wapi? Njoo tuangalie pamoja."

Nilikwenda Alhamisi. Nilikuwa nimebeba vitabu vitatu, vimejaa vikaratasi kwenye kurasa.